Hisia zinapotuzidi: tufanye nini, twende wapi

Haya ni maneno aliyoyatoa Afisa Mawasiliano wa Kaunti katika kikao cha mafunzo ya waendesha bodaboda. Tumeyachapisha kwa ombi la waliohudhuria.

Itifaki naomba tuihesabu kuwa imezingatiwa, maana najua kila dakika mnayokaa hapa ni abiria anayewapita.

Wengi wenu mnanijua kama yule wa kamera, anayewasukuma kando ili apate picha ya Gavana akikata utepe. Mimi si daktari. Nilisomea uanahabari. Afisa wa afya ya akili ndiye aliyepaswa kusimama hapa, na yupo, amekaa mstari wa mbele. Aliniomba nianze mimi kwa sababu nimewahi kukaa kwenye kile kiti anachokalia mgonjwa. Nikikosea atanirekebisha.

Kuna jioni moja nilirudi nyumbani nimechoka. Siku hiyo taarifa niliyoitoa ilikuwa na kosa la tarakimu, na tangu saa nne asubuhi watu walikuwa wananitukana kwenye Facebook. Nikafungua kompyuta mezani nianze kuirekebisha. Binti yangu, wakati huo ana miaka mitano, akapita na kikombe cha uji, kikamponyoka. Uji ukamwagika juu ya kompyuta. Nikapiga teke kigoda kikagonga ukuta, kikavunjika mguu. Nikapiga kelele ambazo jirani alizisikia, maana kesho yake alinisalimia akiangalia chini.

Mtoto hakulia. Aliingia chini ya meza, akajikunja, akawa anasema kwa sauti ndogo, "Pole baba, pole baba." Mke wangu hakunigombeza. Alimtoa pale chini, akaenda kulala naye chumba kingine, nikasikia komeo linasukumwa. Tulikuwa hatujawahi kufunga mlango wowote ndani ya nyumba ile.

Ndipo nilipoanza kujiuliza. Kwa sababu haikuwa mara ya kwanza. Ilikuwa mara ya kwanza kuona mtu wangu mwenyewe ananikimbia.

Sasa, kukasirika si ugonjwa. Kulia msibani si ugonjwa. Mtu asiyehuzunika mzazi wake anapofariki, huyo ndiye tungemtilia shaka. Wataalamu wanapozungumzia kushindwa kudhibiti hisia wanaangalia mambo mengine. Kwanza, hisia inapanda upesi kuliko kwa watu wengine. Pili, inapanda juu mno kuliko jambo lenyewe: kikombe cha uji na kigoda kuvunjika haviendani. Tatu, inachelewa kushuka. Mwenzako amesahau, yeye ameshakula amelala, wewe saa saba ya usiku moyo bado unadunda. Na mwisho, inaacha hasara, na hasara hiyo inajirudia: kazi imepotea, mke ameondoka, simu imevunjwa, urafiki umekwisha.

Maziwa jikoni mnayajua. Kila sufuria huchemka. Lakini kuna sufuria ukigeuka tu kuchukua kijiko, yameshamwagika na moto umezimika.

Tena si hasira pekee. Kuna anayezidiwa na huzuni akalia kila siku garini. Kuna anayezidiwa na hofu hadi kifua kinabana akadhani ni moyo. Kuna msichana wa shule anayejikatakata mkono kwa wembe kwa sababu uchungu wa ngozi unamnyamazishia uchungu wa ndani kwa muda. Huyo hadeki wala hatafuti sifa, na tafadhali msimwambie hivyo. Kuna anayenyamaza kabisa wiki nzima. Wanaume wengi tunadhani huyo wa kunyamaza ndiye jasiri. Wakati mwingine ni yule yule wa sufuria, ameweka kifuniko tu.

Kinachotokea mwilini ninyi mnakielewa kuliko mimi. Uko barabarani, mbuzi akakatiza. Mkono umeshabana breki kabla hujasema "mbuzi". Ndani ya ubongo kuna sehemu ndogo, moja kila upande, zenye umbo kama la lozi. Madaktari huziita amigdala. Kazi yao ni kunusa hatari. Zikishanusa, mwili unamwaga adrenalini, moyo unakwenda mbio, misuli inakaza, pumzi inakuwa fupi. Nyuma ya paji la uso kuna sehemu nyingine, ile ya kupima na kuamua, nayo huchelewa kidogo. Mbele ya mbuzi, kuchelewa huko ndiko kunakokuokoa, maana ungekaa kufikiri ungekuwa mtaroni.

Shida ni kwamba mwili hautofautishi sana mbuzi na abiria aliyekubali shilingi mia akashuka akakupa hamsini huku akikuita jina baya. Kengele ni ile ile. Kwa watu wengine kengele hiyo imelegezwa, inalia kwa upepo tu.

Kwa nini inalegea? Kwa mmoja ni maumbile, amezaliwa hivyo. Kwa mwingine ni utoto wa kupigwa, au wa kuona mama akipigwa. Kwa mwingine ni ajali mbaya ambayo bado anaiota. Inaweza kuwa ugonjwa mwingine unaojificha nyuma yake: sonona, ugonjwa wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kipimo. Pombe inachangia, na muguka pia, hasa ikiambatana na kutolala. Najua hapo nimegusa pabaya, naona mtu kule nyuma ametema. Lakini usingizi wa saa nne kwa siku, mwezi hadi mwezi, unamfanya mtu yeyote awe mkali, hata sheikh, hata mchungaji.

Na kuna moja inayowahusu ninyi moja kwa moja. Kichwa kikigongwa vibaya, ile sehemu ya nyuma ya paji la uso inaweza kuumia bila hata jeraha kubwa la nje. Mtu anapona, mguu unaondolewa plasta, anarudi steji. Lakini nyumbani wanasema, huyu si yule tuliyemjua. Alikuwa mpole, sasa anarusha sahani. Familia inasema amerogwa au ameharibiwa na marafiki. Ikiwa kuna mwenzenu wa namna hiyo hapa, aliyebadilika baada ya ajali, asisubiri hata wiki moja. Aende hospitali aseme waziwazi: niligonga kichwa, tarehe fulani, tangu hapo nimekuwa hivi. Na helmeti ivaliwe kichwani, isitundikwe kwenye kioo cha pembeni.

Niwaambie kidogo kuhusu mama mmoja wa Marekani, kwa sababu aliyoyafanya yalinisaidia mimi huku. Anaitwa Marsha Linehan. Mwaka 1961, akiwa na miaka 17, alilazwa katika hospitali ya magonjwa ya akili mjini Hartford, akakaa humo zaidi ya miaka 2. Alikuwa akijiumiza. Baadaye alisoma, akawa mwanasaikolojia na profesa katika Chuo Kikuu cha Washington kule Seattle, akabuni njia ya kuwatibu watu wenye hisia zinazowazidi, hasa wale waliokuwa wakitaka kujiua. Kitabu chake cha kuwafundishia wataalamu kilitoka mwaka 1993. Lakini hakutangaza hadharani kwamba yeye mwenyewe aliwahi kuwa mgonjwa hadi mwaka 2011. Profesa, anaheshimika duniani, na bado alikaa na siri hiyo miaka mingi hivyo. Kwa hiyo wewe unayeogopa kuonekana kwenye foleni ya kliniki, hauko peke yako.

Anachofundisha ni kwamba mara nyingi mambo mawili hukutana: mtu aliyezaliwa na hisia nyepesi kuwaka, na mazingira yanayomwambia kila siku kwamba anachohisi si kitu. Hapo nilimwelewa haraka. "Nyamaza, mwanamume halii." "Hilo nalo la kukuliza?" Mtoto hafundishwi kuijua hisia yake wala kuishusha. Anafundishwa kuificha tu, mpaka siku inapompasua. Mimi sikumbuki hata siku moja utotoni mwangu ambapo mtu mzima aliniuliza, "Umekasirika kwa nini?"

Na habari njema ni kwamba kushusha hisia ni kitu cha kufundishwa, kama kuendesha pikipiki. Hakuna aliyezaliwa anajua klachi.

Nitawapa kimoja tu kati ya nilivyofundishwa, vingine atavieleza mtaalamu. Kengele ikishalia, usijadiliane. Maneno yote utakayosema dakika hizo utayajutia. Ondoka pale. Tafuta maji baridi, ujaze beseni, ushike pumzi na kuutumbukiza uso kwa muda mfupi, au ujimwagie usoni kwa wingi. Mwili una tabia ya kupunguza mwendo wa moyo uso unapozama kwenye maji baridi. Mwenye ugonjwa wa moyo amuulize daktari kwanza. Kisha pumua, ukitoa pumzi taratibu kuliko unavyoivuta. Haiponyi chochote. Inakupa dakika chache za kutovunja kitu.

Sasa twende kwenye msaada wenyewe, na hapa nitasema ukweli ambao taarifa zangu za kawaida haziusemi kwa herufi kubwa. Wakubwa wangu wangependa niseme kwamba huduma hii iko katika kila zahanati. Haiko. Wataalamu wa afya ya akili ni wachache, hapa kwetu na Kenya nzima. Sheria ya Afya ya Akili, iliyorekebishwa mwaka 2022, inaitaka serikali ya kaunti itoe huduma hizi karibu na mwananchi, na ninyi mna haki ya kutuuliza tumefika wapi. Tuulizeni. Lakini mlango upo, na nitawaambia ninavyoujua.

Mimi niliukosea mara mbili. Mara ya kwanza nilimlipa mtu shilingi elfu tatu, mwenye kibao kizuri kinachosema mshauri. Saa nzima alinisimulia ndoa yake. Mwishoni akaniambia mwanamume ni kichwa cha nyumba, niwe imara. Imara ndio ilikuwa shida yangu. Mara ya pili, mahali pengine, nilipewa tarehe, nikarudi wiki tatu baadaye, nikaambiwa anayehusika amehamishwa. Nikasema basi, hii ni ishara.

Mara ya tatu ni mke wangu aliyenisindikiza, katika kituo cha umma, kwa muuguzi aliyesomea afya ya akili. Hakunihubiria. Aliniuliza: unalala saa ngapi? Unakunywa nini, kiasi gani? Umewahi kugonga kichwa? Nyumbani kwenu kuna mtu mwingine wa hivi? Umewahi kufikiria kufa? Akanipima presha, akaniagizia vipimo vya damu, sukari na tezi. Ndipo akaniandikia barua ya rufaa nikaonane na mwanasaikolojia. Nilikwenda vikao kumi na viwili. Kazi ya kwanza niliyopewa ni daftari: kila nikilipuka, niandike ni saa ngapi, nilikuwa nimekula au la, na nilihisi nini kabla ya hasira. Baada ya mwezi tukalisoma pamoja. Karibu kila mara, kabla ya hasira kulikuwa na aibu. Mtu ameniaibisha kazini, na mimi nimekuja kumlipia mtoto.

Kwa hiyo anzieni zahanati au kituo cha afya kilicho karibu. Au mwambie mhudumu wa afya ya jamii anayepita vijijini kwenu, hao wamefundishwa kuelekeza watu. Pale dirishani huna haja ya kueleza maisha yako mbele ya foleni. Sema tu: "Nina jambo la faragha, naomba kuzungumza na tabibu." Ukiingia ndani sema: "Nashindwa kudhibiti hisia zangu, naomba kuonana na mtu wa afya ya akili." Asipokuwepo, omba rufaa ya hospitali ya kaunti ndogo au ya rufaa ya kaunti. Kama umejiandikisha na SHA, nenda na kitambulisho na uulize mapema kipi kinalipiwa na kipi hakilipiwi, usije ukashtukia mwishoni.

Watu wengi hawajui nani ni nani, hata mimi nilikuwa nachanganya. Daktari wa magonjwa ya akili ni daktari kamili, anaweza kukuandikia dawa. Mwanasaikolojia na mshauri nasaha hawaandiki dawa, kazi yao ni mazungumzo na mafunzo. Hakuna kidonge cha hasira kama hasira. Lakini hasira ikitokana na sonona au ugonjwa mwingine, dawa ya ugonjwa huo inasaidia, na usiiache ghafla kwa sababu umejisikia nafuu.

Ukienda kwa mtu binafsi, muulize bila aibu: umesomea nini? Umesajiliwa wapi? Unatumia njia gani? Vikao vingapi, bei gani? Tangu mwaka 2014 tuna sheria ya washauri nasaha na wanasaikolojia, na chama chao cha kitaifa kipo. Daktari naye jina lake unaweza kulitafuta kwenye sajili ya baraza la madaktari. Mtu mwaminifu hakasiriki akiulizwa. Anayekuahidi kupona siku moja, anayekwambia utupe dawa za hospitali, anayekugusagusa au kukutaka kimapenzi, huyo mkimbie. Na ukikaa vikao vitatu vinne uone hamuelewani, badilisha. Abiria akishuka kwenye pikipiki yenye breki mbovu hajaacha safari.

Viongozi wa dini sijawasahau. Imamu wetu wa mtaani ndiye aliyemwambia mke wangu anipeleke hospitali. Alisema dua ataifanya yeye, na mimi niende kliniki.

Mambo mawili mazito kidogo. Kwanza, mazungumzo haya yasimpe mtu yeyote kisingizio. Anayempiga mkewe au mtoto kisha akasema "ni hisia", huyo ana kesi, hata kama ana ugonjwa pia. Na wewe unayepigwa, si kazi yako kumtibu. Nambari 1195 ni ya bure, inahusu dhuluma za kijinsia. Ya watoto ni 116.

Pili, kama umefikia mahali pa kufikiria kujiua, sema. Kwa miaka mingi watu waliogopa kusema kwa sababu kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Mtu ananusurika kufa, anaamka hospitalini na askari kando ya kitanda. Mnamo tarehe 9 Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho kinakiuka Katiba. Kwa hiyo mwambie muuguzi, mwambie mwenzako wa steji. Na wewe unayeambiwa, usimwache peke yake, chukua ufunguo wa pikipiki yake, ondoa dawa za mifugo na za shambani zilizo karibu, mpeleke hospitali usiku huo huo. Nambari 1199 ya Shirika la Msalaba Mwekundu ni ya bure.

Kwetu Pwani tulikua tukitaniana, "Wewe utapelekwa Port Reitz." Bara wao husema Mathari. Ndiyo sababu mtu anaficha mpaka nyumba ivunjike. Muuguzi wangu aliniambia wengi anaowaona hawalazwi hata siku moja. Wanakuja, wanaongea, wanarudi kazini. Mimi nilikuwa nakwenda saa ya chakula cha mchana.

Mtaniuliza, umepona? Bado nalipuka. Mwezi uliopita nilimfokea dereva wa ofisi kwa jambo la kipuuzi, nikamrudia baada ya nusu saa kumwomba radhi. Zamani ningekaa siku tatu. Daftari bado ninalo, ukurasa wa mwisho una tarehe ya wiki iliyopita. Nyumbani komeo halijafungwa tena, ingawa binti yangu akimwaga kitu huniangalia kwanza usoni kabla ya kuangalia alichomwaga. Hilo bado tunalifanyia kazi.

Sasa nampisha mtaalamu mwenyewe, ajibu maswali. Ambaye hataki kuuliza mbele za watu, nitakuwa kule nje chini ya mwembe na chai. Njoo kama unayetaka kupigwa picha.